Mikono Iliyozoea Ngano

Miaka thelathini na mmoja nimekanda ngano
katika bekari ya Gerezani,
zamu ya saa nane usiku, vumbi jeupe mpaka kwenye kope,
na kila donge nililolibwaga mezani
lilinivuta mkono, kama mtoto asiyetaka niondoke.

Sasa Mwanamvua ameambiwa asiguse nafaka.
Daktari alihesabu kwa vidole: ngano, mahindi, mchele,
mtama, ulezi. Mkono ukamwishia,
akadandia wa pili: na maziwa, mama, na siagi yake.
"Angesema tu nile ukuta," akasema mke wangu
tulipotoka, jua la Temeke limetukalia utosini.
Mgaagaa na upwa hali wali mkavu;
huyu wangu hata huo mkavu umekatazwa.

Lakini kilichomliza si wali, wala si ugali.
Ni skonzi ya saa kumi,
ile niliyokuwa nikimpelekea ndani ya gazeti, ingali moto,
kabla hata ya posa.

Basi nikanunua makopa sokoni, makavu kama chaki,
nikayapeleka mashineni. Kijana Mahimbo hakunificha:
"Mzee, humu kila kitu kinapita juu ya mahindi."
Nikarudi nayo begani. Nikaazima kinu kwa Mama Sikujua.
Mwanamume na mvi zake, suruali imekunjwa, anatwanga uani:
watoto wa mtaa waliacha mpira wakaja kutazama.

Kopo la baking poda nililisoma kwa miwani.
Wanga wa mahindi, herufi ndogo,
zimejibanza nyuma kama mwizi wa kuku.
Nikaliweka kando. Magadi kijiko kimoja,
ndimu ikayachokoza, yakafura.
Mayai mawili, tui zito, iliki.

Nikaingiza mikono, nikangoja kuvutwa.

Hakuna aliyenivuta.
Unga wa muhogo haujui kushika mkono wa mtu.
Za kwanza zilipasuka kama jaruba la kiangazi.
Za pili, mawe. Kuku wa jirani alidonoa mara moja,
akainua kichwa akanitazama.
Usiku ule nilikaa kwenye kigoda nikajichukia kidogo:
mwokaji mzima, nimeshindwa na mzizi.

Mara ya tatu sikukanda.
Nilikusanya tu, kwa ncha za vidole,
kama mtu anayezoa chumvi iliyomwagika,
nikaacha kila tonge likae lilivyotaka kukaa.
Makaa chini, makaa juu ya kifuniko,
kwani LUKU ilikuwa inalia na mfuko umenyamaza.
Huku korosho nikazikaanga hadi zikaanza kusema,
nikazisaga na tui, asali, chembe ya chumvi,
nikazimwagia zile skonzi zingali moto.
Rojo likateremka ubavuni, halina haraka,
likagandia njiani, rangi ileile
ya chai ya maziwa asiyokunywa tena.

Mwanamvua alimega. Akatafuna upande mmoja,
ule wenye meno. Kimya.
Nje mtu anauza ndala kwa kipaza sauti.
"Hii si skonzi," akasema.
Nikaanza kukusanya sahani.
"Acha hapo. Nimesema si skonzi,
sijasema uondoe.
Usimpe mtoto jina la marehemu. Mtafutie lake."
Akachukua ya pili, rojo likamchuruzika kidoleni,
akalilamba bila kuangalia nani anamwona.

Mpaka leo hatujapata jina.
Ikifika saa kumi anauliza tu kutoka chumbani:
"Zile zako zimebaki?"
Zimebaki mbili.
Moja nimeificha.